Tazama Kihenge Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Msomaji wa riwaya ya vita atajuaje kama mwandishi amemtendea haki mwanamke aliyemo?" Jibu langu: atazame chakula. Bunduki kila mwandishi anaziweza. Kihenge, yaani ghala la nafaka, huwashinda wengi.

Chukueni riwaya ya Majimaji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala makusudi, njaa imalize kazi. Huku kwetu Lindi na Mtwara mvua huanza Novemba au Desemba. Aliyekuwa mafichoni msimu ule hakupanda, na Mei 1906 hakuwa na cha kuvuna. Kwa hiyo andika mwezi na mwaka pembeni ya kila sura. Ukikuta mama anatwanga mtama mpya katikati ya 1906 kwenye kijiji kilichochomwa, uliza mbegu aliificha wapi. Mwandishi makini atakuwa ameshaonyesha.

Angalia pia anachimba nini. Ming'oko, mizizi ya porini, huchemshwa ikaliwa. Ndiga, kiazi cha mwitu, ina sumu: hukatwa vipande, hulowekwa, maji yakabadilishwa siku baada ya siku. Mhusika aliyechimba ndiga asubuhi na kuwalisha wanawe jioni ile ile, amewaua. Kosa hili si dogo hata kidogo, maana kazi ile ya kungoja, watoto wakilia kando ya chungu, ndiyo vita yenyewe kwa mama yule.

Isiwe njaa tu, lakini. Miongoni mwa viongozi walionyongwa Songea mwaka 1906 alikuwamo mwanamke, Nkomanile. Riwaya ambayo wanawake wake wote wanalia tu haijasoma historia.

Kwa vita vya 1914 hadi 1918, piga hesabu. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne ni pishi. Wapagazi mia wakilala kijijini siku mbili, zimekwenda pishi hamsini. Oktoba 1917 majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipopigana Mahiwa, huku kwetu Lindi, nafaka ya namna hiyo ilitoka kwa nani? Kwa wanawake, ambao waume zao ndio hao waliochukuliwa kubeba mizigo. Na wake wa askari wa Mjerumani walikuwa wakitembea na msafara, mzigo kichwani, wengine wakijifungulia njiani. Sura inayowasahau ina pengo.

Mwisho, hesabu kurasa zinazobaki baada ya risasi ya mwisho. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na homa kuu ya mafua ilikuwa tayari inaua watu. Riwaya inayoishia siku hiyo imemwacha mwanamke na jembe mkononi, shamba limegeuka pori, na mume hana kaburi linalojulikana. Hapo tazama hata majina wanayopewa watoto wachanga: Tabu, Shida, Mashaka. Mwandishi akiyaweka mahali pake, ujue aliwasikiliza bibi zetu.

Msomaji wenu,
Mtama, Lindi