Chipsi za viazi, mafuta ya sambusa: kula nje Tanga ukiwa na seliaki

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 34, nimehamia Tanga miezi mitatu iliyopita nikitokea Dodoma. Mwaka jana nilipimwa damu, kisha nikaingizwa mpira wenye kamera tumboni, nikaambiwa nina ugonjwa wa seliaki na nisile ngano maisha yangu yote. Nikijipikia sina shida. Ila nimepanga chumba kimoja Ngamiani, mchana nakula kwa mama lishe karibu na shule, na jioni mara nyingi nanunua. Wiki mbili zilizopita nilikula chipsi na mishkaki. Usiku tumbo likavimba, nikaharisha siku mbili. Muuzaji anaapa kwamba chipsi ni viazi vitupu. Mafuta yalikuwa yanachemka hasa, sasa si moto unaua hiyo gluteni? Nile nini huku bila kuonekana najidai? Na mdogo wangu wa kiume anasumbuliwa na tumbo kama mimi. Nimwambie naye aache ngano?

JIBU: Habari ni njema, mwalimu, na karibu Tanga. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Uchunguzi wa utumbo ni wa daktari. Mambo ya sahani ndiyo yangu.

Tuanze na moto. Moto huua vijidudu. Gluteni haina uhai wa kuuawa: ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai, na joto la karai haliiondoi. Fikiria mkate: umepita tanuruni, umeiva mpaka umegeuka rangi, na bado unakudhuru. Kwa hiyo muuza chipsi wako hakusema uongo. Viazi vilikuwa viazi. Lakini karai lile lile, jioni ile ile, huenda lilikaanga sambusa, soseji na samaki aliyepakwa unga, na vumbi la ngano likabaki linaogelea. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walinunua sahani 20 za chipsi kwenye mikahawa iliyokaangia mafuta yanayotumika pia kwa vyakula vya ngano. Katika sahani hizo, 5 zilivuka kiwango kinachoruhusiwa kwa chakula cha kuitwa hakina gluteni. Yaani unaweza kula mara tatu ukasalimika, ya nne ikakuangusha, na ndiyo maana watu hubaki wakibishana kama tatizo ni chipsi au ni maji.

Kiwango hicho ni miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Ili uone udogo wake: kipande kimoja cha mkate wa boflo kina gluteni kama gramu 2. Miligramu 50 kila siku, yaani sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, zimeonekana kuuharibu utumbo wa wagonjwa ndani ya miezi mitatu. Kinachoharibika ni vile vinyweleo vidogo vya ndani ya utumbo vinavyonyonya chakula. Vinalala, na ukiendelea kula ngano haviinuki. Ubaya zaidi ni kwamba vinaweza kulala bila wewe kusikia maumivu yoyote, basi usitumie tumbo lako kama kipimo cha kuwa chakula fulani ni salama.

Sasa ushauri ambao ningekupa hata kama ungeniuliza jambo moja tu: usimuulize mpishi kilichomo kwenye chakula, muulize anavyofanya kazi. Ukisema "chakula hiki kina gluteni?" utajibiwa "hakuna", kwa sababu neno lenyewe hajawahi kulisikia na anataka kukufurahisha. Ukisema "nina ugonjwa, situmii ngano", wengi watasikia ugonjwa wa sukari. Nina mteja, bibi wa makamo, aliyeeleza hivyo hotelini akaletewa kwa upendo mkubwa mkate wa brauni, na alipoukataa, chapati ya ata. Vyote viwili ni ngano, tena ata ni ngano nzima na pumba zake.

Mimi huwafundisha wateja wangu kusema: "Nina aleji na ngano, hata vumbi lake linanilaza." Kitaalamu seliaki si aleji, ni kinga ya mwili inayoushambulia utumbo wenyewe pindi gluteni inapopita. Lakini neno aleji linaeleweka jikoni, na mpishi akilisikia hushtuka kidogo, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Kisha uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Karai hili leo limekaanga nini na nini? Mchuzi huu umeufanya mzito kwa kitu gani? Chapati unasukumia wapi? Ukiuliza "unga gani?" subiri jina la nafaka. Huku kwetu mtu akisema unga anaweza kumaanisha sembe, dona, muhogo, mchele au ngano, na yeye haoni sababu ya kufafanua.

Na uliza kwa adabu ya hapa. Tanga hakuna anayeanza na "hii ina nini?" Anza na shikamoo, uliza hali, kaa, ndipo useme shida yako. Mama lishe ukimzoea siku tatu, ya nne atakutengea sufuria yako bila kuombwa. Hilo la kuonekana unajidai huja pale mtu anapouliza kwa haraka huku amesimama, akichungulia sufuria kama bwana afya.

Kwa mama lishe huyo, tazama upawa. Wali hauna ngano, maharage hayana ngano, mchicha hauna ngano. Lakini upawa wa maharage unamwagia sahani yenye chapati, unagusa chapati, unarudi sufuriani. Ifikapo saa nane mchana sufuria hiyo si ile ya saa sita. Kwa hiyo nenda mapema, uwe wa kwanza kupakuliwa, na uombe kijiko kikavu kilichooshwa. Wengine hubeba kijiko na bakuli lao lenye mfuniko. Mwalimu akitoa bakuli lake kwenye mkoba nani atamshangaa?

Uliyohamia ni pwani, na pwani imekupa bahati ambayo mgonjwa wa Ulaya hana. Bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa kupaka au kisamvu cha nazi: hapo hapana ngano kabisa, ilimradi muhogo umesagwa kwenye mashine isiyosaga ngano kabla yake. Ukinunua unga, nunua muhogo mkavu pale Mgandini usage mwenyewe, na uwe mkali kwa unga wa uji wa lishe, kwa maana huo mara nyingi umechanganywa na ngano. Wali wa nazi, pilau, ndizi, magimbi, mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, samaki wa kuchoma, mtindi, machungwa ya Muheza, kashata ya nazi na kahawa chungu, hivyo kula bila hofu. Pweza pia, ila uliza kama supu haikutiwa unga. Mwezi wa Ramadhani utakula vizuri kuliko mwezi wowote, kwani futari yetu ni mizizi na nazi. Chunga kaimati, tambi, na uji uliopikwa kwa unga wa ngano.

Mikate ndiyo inayowachanganya wageni. Mkate wa kumimina na mkate wa sinia asili yake ni mchele, vitumbua hali kadhalika. Nasema asili, kwa sababu wapo wauzaji wanaoongeza ngano kidogo ili kitumbua kishikane au mchele usiwamalizie faida. Bagia za kunde au dengu nazo hutiwa ngano ili zisisambaratike. Kachori huchovywa kwenye uji wa unga, wakati mwingine dengu, wakati mwingine ngano, na katlesi zinaweza kuzungushiwa chenga za mkate. Urojo usahau: mchuzi wake hufanywa mzito kwa unga, na ndani yake mna bagia na kachori hizo hizo. Najua inauma. Nyumbani unaweza kuupika kwa unga wa dengu ukatoka mzuri tu. Bokoboko ni ngano yenyewe, hata kama jina halisemi.

Mishkaki yako siitoi hatiani. Nyama iliyolowekwa kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu haina neno. Iliyotiwa soya sosi ina neno, kwa sababu soya sosi nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano. Tazama pia mkono: kuna wanaoichomoa nyama kwenye kijiti kwa kipande cha mkate, ndipo wanakuwekea sahanini. Omba upewe na kijiti chake, uchomoe mwenyewe.

Chipsi je? Tafuta kibanda kinachokaanga viazi na mihogo pekee. Vipo, hasa vile vidogo vya karai moja ambavyo havina kabati la kioo lenye sambusa na soseji juu ya rundo la chipsi. Kama chipsi zinakaa kabati moja na sambusa, pita. Chipsi mayai ina mtego wa pili, nao ni kikaango: kama asubuhi kilichoma chapati, hakijaoshwa kwa sabuni, basi yai lako linakaangwa juu ya ngano ya asubuhi. Samaki wa kukaanga huweza kupakwa ngano ili asigande, kwa hiyo mwambie akuchomee.

Vinywaji nitavipita haraka. Bia ya kawaida ni shayiri. Mvinyo na mnazi havina tatizo la gluteni, mengine ni baina yako na imani yako. Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri, na hapa ndipo wengi hujikwaa wakiwa wageni wa mtu asubuhi. Chai na maziwa havina shida.

Ukialikwa harusini, kula nyumbani kwanza. Ukifika mapema nenda jikoni kwa wanawake wanaopika, jieleze, uchukue pilau yako kutoka sufuriani kabla halijapakuliwa kwenye sinia. Sinia ni la mikono mingi, na wenzako watakuwa wameshika chapati. Ukishindwa, shika tende na soda, uhesabiwe umekula.

Likitokea tena la juzi, kunywa maji mengi na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS), pumzika, rudi kwenye wali na ndizi. Hakuna kidonge cha kumeza kabla ya sambusa kikaifuta, hata kama duka la dawa litakuuzia vimeng'enya vyenye picha ya ngano iliyokatwa mstari. Ukiharisha damu, au ukikonda huku unajichunga, rudi kwa daktari, asihesabu kila jambo ni seliaki.

Kuhusu mdogo wako: asiache ngano. Namaanisha, bado. Kipimo cha damu hutafuta askari wa kinga ambao mwili huwatoa pale tu gluteni inapoendelea kuingia, na kipimo cha utumbo hutazama jeraha ambalo ngano ndiyo inayolitia. Akiacha sasa, baada ya wiki kadhaa majibu yanaweza kutoka safi, na atabaki hajui kama ni mgonjwa au la. Aendelee na chapati zake, aende hospitali aseme wazi kwamba dada yake wa damu ana seliaki, kwa sababu takriban ndugu mmoja kati ya 10 wa karibu wa mgonjwa naye huwa nayo. Wazazi na wanao, kama unao, wapimwe pia. Mwambie aombe kipimo cha damu kwanza. Mpira wenye kamera utafuata majibu hayo yakiutaka.