Mwalimu wa Katuba anauliza: salongo ya Jumamosi niipe pointi ngapi?

SWALI: Nafundisha mwaka wa sita wa shule ya msingi, Katuba hapa Lubumbashi, wanafunzi 58. Kila Jumamosi direkta anatutuma na watoto kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kuzibua mifereji ya avenyi, na anataka pointi za kazi hiyo ziingie kwenye elimu ya uraia. Wazazi wananung'unika kwamba mtihani wa taifa uko karibu. Nigawe pointi namna gani bila kuonekana napendelea?

JIBU: Usigawe hata moja, Mwalimu. Mwenye misuli na chepe ya kuazima atapata kumi kwa kumi, mwenzake mdogo atapata nne, na wote wawili watarudi nyumbani hawajajua jambo jipya la uraia.

Nazunguka madarasa ya Lubumbashi miaka mingi sasa kusaidia walimu kuandaa masomo, na swali hili hunifikia kila mvua zikianza. Kinachonichosha ni ile imani kwamba mtoto akishavuka geti la shule, basi anajifunza. Wazazi wetu walifanya salongo ya lazima enzi za Mobutu. Walifagia, wakahesabiwa, wakarudi nyumbani. Nani aliwauliza kwa nini mfereji uleule umeziba tena Jumatatu? Kama mzigo peke yake ungefundisha, wanaosukuma baiskeli za makala ya kupikia wangekuwa na digrii tatu kila mmoja (na kwa kweli wanajua mengi, ila si kwa sababu ya mzigo).

Chukua mtaa wenu huohuo. Wiki ya kwanza acheni machepe, bebeni kamba na daftari. Katika parseli nyingi za Katuba kisima na choo cha shimo viko uwanja mmoja. Watu wa afya wanataka walau mita 30 kati yake. Watoto wapime kwa kamba yenye fundo kila mita, watafute wastani, wachore ramani ambamo sentimita moja ni mita tano. Mzazi akilalamika kuhusu mtihani, mfungulie daftari: vipimo, wastani na skeli vyote vimo, na mwanawe amevipata kwa miguu yake. Wasimulie pia daktari John Snow, aliyeweka vifo vya kolera kwenye ramani ya mtaa mmoja wa London mwaka 1854 na kuona vimezunguka pampu moja ya maji. Kwetu Katanga kolera haihitaji utangulizi.

Angalizo: kwenye ramani andikeni namba za parseli, kamwe si majina ya wenyewe. Mtoto akitangaza kwamba kisima cha mama fulani ni kibaya, wewe ndiye utakayekwenda kuamua ugomvi.

Uraia unaanza hapo ramani inapokamilika. Nani ana uwezo wa kufanya nini? Shefu wa avenyi anaweza nini ambacho shefu wa kartye, mwenye avenyi nyingi, hawezi, na nini lazima kipande hadi kwa burugumesta, mkuu wa Katuba nzima? Darasa liandike barua moja, kwa Kifaransa kilichonyooka, iombe jambo moja. Jibu likija, lisomeni pamoja. Lisipokuja, jadilini kimya hicho: ni uzembe, ni ukosefu wa pesa, au tuligonga mlango usio wake? Kisha kila mtoto aandike nusu ukurasa: nilidhani nini kabla, nimeona nini. Ramani, hesabu, barua na nusu ukurasa huo, hivyo ndivyo vya kupewa pointi.

Sasa niwaseme wauza semina. Wanakuja siku mbili, wanagawa fulana na cheti chenye muhuri, wanapiga picha watoto wameinua mafagio mbele ya bango, wanaondoka. Neno lao ni "kujifunza kwa vitendo", na ukiwauliza mtoto alifikiri nini wakati wa hivyo vitendo wanatazama saa. Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba la shule na kuona matokeo yake. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha kupanga, na shamba likawa adhabu ya wachelewaji. Tusirudie kosa hilo kwa mifereji.

Halafu kuna hatari yenyewe. Mfereji wa mjini una nyembe, sindano na maji ya vyoo vilivyofurika. Na tanuru la shaba la mji huu lilianza kuwaka mwaka 1911. Anayetaka kujua moshi unaweza kuufanyia nini udongo aende akatazame ardhi ya Penga Penga, mtaa ulioangukiwa na moshi huo. Kumtumbukiza mtoto wa miaka kumi na mmoja kwenye tope mikono mitupu, halafu ukaliita somo la afya, mimi hunishinda. Shule yoyote isiyo na glavu na maji ya kunawia isiguse mfereji, hata burugumesta mwenyewe akiwa anakuja kutazama.

Direkta wako usimpe hotuba. Mwombe Jumamosi mbili tu, kisha mpelekee ramani ofisini, atapenda kuitundika. Na mafundo ya kamba yafunge wewe nyumbani jioni ya Ijumaa. Ukiwaachia watoto 58, asubuhi nzima itaishia kwenye mafundo.