Ukialikwa Chakula cha Jioni Ujerumani

Mara ya kwanza nilipoalikwa nyumbani kwa familia ya Kijerumani mjini Bremen, mwenyeji aliniambia nifike "halb sieben". Nilikwisha kujifunza kwamba "halb" ni nusu na "sieben" ni saba, nikaunganisha kama tunavyounganisha sisi: saba na nusu, yaani saa moja na nusu jioni kwa hesabu yetu. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu inayoelekea saba, kwa hiyo nilitakiwa saa kumi na mbili na nusu. Nilikuta mkate umekatwa na kufunikwa kitambaa, chai imepoa, na watoto wamekaa kimya mbele ya sahani tupu. Hakuna aliyenilaumu, lakini bado naiona meza ile. Ukipewa miadi, omba saa iandikwe kwa tarakimu, 18:30, na ukiona utachelewa hata kwa dakika kumi, piga simu mapema.

Jambo la pili ni kile utakachokikuta mezani. Kutakuwa na mkate mweusi, mzito, wa nafaka ya rai, pamoja na siagi, jibini, vipande vya soseji baridi na matango yaliyolowekwa kwenye siki. Usile kidogo ukidhani wali unakuja, kwa maana hicho ndicho chakula chenyewe, nacho huitwa Abendbrot, yaani mkate wa jioni. Katika familia nyingi chakula cha moto huliwa mchana, na Wajerumani wanauthamini mkate wao kiasi kwamba mwaka 2014 utamaduni wake uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Ukiuliza mkate uliopo mezani umetoka kwa mwokaji gani, utakuwa umefungua mazungumzo marefu.

Usianze kula kabla ya kusikia "Guten Appetit", yaani mle kwa hamu, na mnapogonganisha glasi, mtazame mwenzako machoni. Kwa asiyekula nguruwe, nasihi hili kwa mkazo: sema siku ile ile unayoalikwa, usingoje kufika. Nyama hiyo haimo kwenye soseji tu. Hukatwa vipande vidogo na kutiwa ndani ya supu ya dengu au viazi vya kukaanga, na peremende nyingi laini hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Mwenyeji akijua mapema ataandaa kitu kingine kwa furaha, ila akiambiwa mezani atafadhaika, na hilo si haki kwake.

Jumapili supamaketi na maduka karibu yote hufungwa kwa mujibu wa sheria, hivyo nunua mahitaji yako Jumamosi. Waokaji wengi hufungua kwa saa chache asubuhi, na katika miji mikubwa utapata duka ndani ya stesheni kuu ya treni. Chupa za plastiki zinazotumika mara moja na makopo ya vinywaji usiyatupe, kwa kuwa kila moja umelilipia amana ya senti 25, ambayo mashine ya supamaketi itakurudishia.

Mgeni anayekaa hadi majira ya baridi atakutana na Grünkohl, mboga ya majani ambayo watu wa Bremen na Oldenburg huipika kwa muda mrefu pamoja na mafuta na soseji. Nilipoishika sokoni kwa mara ya kwanza, majani yake magumu yaliyojikunja yalinikumbusha sukuma wiki, na kwa kweli ni mboga za jamii moja. Ikatekate nyembamba, uikaange kwa kitunguu na nyanya bila kuiacha ilainike mno, kisha isindikize kwa ugali, maana unga wa mahindi hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kiafrika. Ndicho nilichowapikia wenyeji wangu nilipowaalika kwangu, nao waligonga kengele saa 18:30 kamili wakiwa wamebeba mkate.