Kitambaa cha meza ya pool: mnauliza, tunajibu

Fundi, tulibadilisha kitambaa mwezi uliopita, sasa kina mawimbi karibu na matundu ya kati. Tatizo nini? (Kabalagala, Kampala)

Yaelekea kilianza kukazwa kwenye kona. Anayeanza na kona husukuma ulegevu wote katikati, nao hutokeza penye matundu ya kati, kwa sababu hapo kitambaa kimekatwa. Pasi haiuondoi. Fungua boliti za kingo chini ya meza, ng'oa pini za upande mrefu mmoja na wa mfupi mmoja, mkivute upya.

Upande mfupi hutangulia: pini ya kwanza katikati, kisha kulia na kushoto kwa zamu hadi kona. Hamia upande mfupi wa pili. Hapa mnahitajika wawili, mmoja avute kwa viganja vyote, mwingine apige stepla. Baadaye pande ndefu, nazo pia kuanzia kati. Pini za milimita 8 hadi 10 zinatosha, moja kila sentimita 2 au 3. Ukiburuta kiganja juu ya jiwe (bamba bapa lililo chini ya kitambaa) na kitambaa kikajikunja mbele ya kiganja, bado hakijakaza.

Matundu ni ya mwisho. Kata mikato mitatu au minne kwenye kitambaa kinachoning'inia ndani ya tundu, lakini mkasi ukome kabla ya kufika juu ya jiwe. Kisha vuta kila ulimi chini, uubane. Mkato ukizidi hata sentimita moja, umeharibu kitambaa kizima.

Sufu ikinyonya unyevu hulegea. Kitandaze kitambaa ndani ya chumba chenye meza usiku mmoja kabla ya kazi, hasa msimu wa mvua.

Naweza kununua kitambaa cha suti pale Kiyembe? Ni nafuu. (Mbarara)

Unafuu huo ni wa wiki chache. Kitambaa cha suti huvutika na kubaki kimevutika, na kile cha poliesta huungua vidoadoa vyeupe mpira mweupe unapogongwa kwa nguvu. Nunua cha sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo. Pima jiwe lenyewe, si uwanja wa kuchezea, maana jiwe huingia chini ya kingo; ongeza sentimita 10 hadi 15 kila upande. Vipande vya kingo vitoke kwenye kitambaa hichohicho.

Jiwe letu halina ubao pembeni, pini hazishiki. (Gulu)

Basi ni kazi ya gundi, ile ya mafundi viatu na makochi. Kwanza kwangua gundi ya zamani yote, kisha futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mabaki madogo kama punje ya mchele yatayumbisha mpira unaokwenda polepole, na mchezaji atailaumu fimbo yake. Paka gundi ubavuni na chini ya jiwe, paka na nyuma ya kitambaa, ngoja hadi ikiguswa isiambatane na kidole, ndipo ukandamize. Juu ya jiwe isifike hata tone. Gundi nyeupe ya mbao ni majimaji. Hupenya kitambaa na kukiacha na doa gumu.

Manyoya ya kitambaa yaelekee wapi, na pasi ya mkaa inafaa? (Arua)

Yatoke upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa mpira mweusi. Piga brashi kuelekea hukohuko. Pasi ya mkaa hapana: jivu hudondoka, na joto huwezi kulipima wakati nailoni inayeyuka. Tumia ya umeme, joto la wastani, bila maji. Kitambaa kisicho na manyoya hakihitaji pasi.

Tumeweka kitambaa kipya, lakini mipira ikigonga kingo inakufa. (Jinja)

Bonyeza mpira wa ukingo (raba iliyo ndani ya kitambaa chake) kwa ukucha wa dole gumba. Ukiwa mgumu kama plastiki, umezeeka, kitambaa hakitausaidia. Badilisha mipira yote ya kingo kwa pamoja, kwani mmoja mpya kati ya mikuukuu hudunda tofauti. Ukiwa bado laini, angalia boliti: huenda moja imelegea. Sikiliza unapogonga, ukingo uliokaza hutoa sauti fupi, uliolegea hutetemeka. Boliti zikiwa sawa, kitambaa cha ukingo kimevutwa mno hadi kikaubana mpira ukabonyea. Kifungue, ukirudishe kikiwa kimenyooka tu.