Kunipa Matokeo Si Kushiriki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Mwanza. Karibuni nitazungumza na watu wa bandarini na wenye malori kuhusu utafiti tulioufanya. Kichwa nilichoandika ni "Kushiriki Utafiti kuhusu Ustahimilivu wa Miundombinu ya Usafirishaji wa Mizigo". Msimamizi wangu anataka "uhimilivu". Lipi sahihi? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Marahaba. Yote mawili ni sahihi, na yote yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba, uleule uliotupa "hamali". Mimi ningebaki na "ustahimilivu". Kuhimili ni kuubeba uzito uliopo: gati linahimili kreni, reli inahimili mabehewa. Kustahimili kuna taabu na muda ndani yake, na hiyo ndiyo habari yenu. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakavamia mialo na bandari, shehena ilipitia wapi? Mafuriko yakikata reli ya kati kule Kilosa, MV Umoja, meli inayovusha mabehewa kutoka Mwanza Kusini, itapakia nini? Ila suala la miundombinu kurejea katika hali ya kawaida litaje waziwazi, maana neno peke yake halilibebi.

Sasa tuje kwenye neno ambalo hukuliuliza. "Kushiriki utafiti"! Nimelisoma kwenye mialiko ya semina, nimelisikia redioni, na kila mara linanikera upya. Kushiriki ni kuwa mmoja wa wanaotenda. Tunashiriki msiba, tunashiriki uchaguzi. Ukishiriki chakula, umekula. Ukisema "nitashiriki nanyi utafiti wangu" umeniita nije tuufanye wote, na utafiti wenyewe umeshakwisha.

Nenda Mwaloni, Kirumba, pale dagaa wanapofungwa magunia kwenda hadi Kongo. Mama mchuuzi akikuongezea kisado atasema nakupa, nakugawia, nakuongeza. Hatasema "nashiriki dagaa nawe". Akisema hivyo utaelewa kwamba mmenunua gunia kwa ubia, na utaanza kuuliza sehemu yako ya hasara kama wameloa njiani. Mama huyo ana vitenzi vitatu vya kutoa, na kila kimoja anajua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Msomi anavyo hivyohivyo, na zaidi: kueleza, kuwasilisha, kutangaza, kusambaza. Anaviacha vyote kwa sababu kuna kitenzi cha Kiingereza, "share", kinachomkaa kichwani, naye anakitafutia pacha asiyekuwepo.

Wengine hukimbilia "kuwashirikisha wadau matokeo". Hilo nimechoka kupigana nalo. Limeenea, na walau kiambishi cha kusababisha, "-ish-", kimekaa mahali pake. Lakini lina deni. Kumshirikisha mtu ni kumwingiza kazini. Dereva wa lori aliyewaeleza foleni ya kivuko ilivyokuwa kati ya Kigongo na Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, mkamrudia kumwonyesha mlivyomwelewa, akawasahihisha, huyo mmemshirikisha. Aliyejaza dodoso kisha akaitwa siku ya mwisho kusikiliza, huyo mmempa taarifa. Kumpa taarifa ni jambo jema na la haki yake, na mimi natamani vyuo vyetu vifanye hivyo mara nyingi kuliko sasa. Kinachoniuma ni kitenzi kinachoficha kwamba hakuulizwa mara ya pili.

Kwa hiyo kichwa chako hakihitaji kitenzi hicho: "Matokeo ya Utafiti kuhusu Ustahimilivu wa Miundombinu ya Usafirishaji wa Mizigo". Na "usafirishaji" umeliweka vizuri. Usikubali mtu alifupishe liwe "usafiri", maana magunia hayasafiri yenyewe.

Msimamizi akishikilia "uhimilivu", mwachie, si kosa. Kwenye "kushiriki" usimwachie.