Maswali ya wasomaji: Embe kukomaa si kuiva

*Nilinunua ndoo ya maembe mabichi, nikayafunika kwa gunia. Baada ya wiki, mengi yamekunjamana na kuoza bila kupata utamu. Kosa liko wapi? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)*

Mama, gunia halina kosa. Maembe hayo yalichumwa kabla ya kukomaa. Kukomaa hufanyika mtini, kuiva kunaweza kufanyika nyumbani. Embe likiwa mtini hujaza wanga, na likiiva wanga huo ndio unageuka sukari. Lililochumwa changa halina cha kugeuza, basi linanyauka tu.

Sokoni, angalia mabega, yaani sehemu mbili zilizo kando ya kikonyo. Kwa embe changa mabega yanateremka kama paa la nyumba. Kwa lililokomaa yamejaa na kupanda, hata kikonyo kinaonekana kimekaa ndani ya kishimo, na mashavu yamevimba. Rangi isikudanganye: kuna aina zinazoiva zikiwa bado kijani, na wekundu wa upande mmoja mara nyingi ni alama ya jua. Ukinunua ndoo nzima, omba muuzaji akate moja. Nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza kuwa njano. Ikiwa nyeupe yote, na kisu kinapita kwenye kokwa bila shida, yaache.

Nyumbani, yapange ndani ya boksi lenye karatasi, tabaka mbili zisizidi, na weka humo ndizi moja au mbili zilizoiva, kwa sababu zinatoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Kagua kila siku, na lenye doa jeusi laini litoe mara moja. Mengi yatakuwa tayari kati ya siku 3 na 6: bonyeza taratibu, kisha nusa kwenye kikonyo. Usiyatie kwenye frigo yakiwa mabichi. Baridi iliyo chini ya nyuzi 12 inakwamisha kuiva na kuifanya ngozi iwe ya kijivu. Yakishaiva, hapo frigo inafaa kwa siku chache.

*Kuna maembe ya njano kila upande lakini hayana harufu, na ndani ni magumu. Yamefanywa nini? (Kijana wa Kampemba)*

Huenda yameivishwa kwa kabidi, ile wanayotumia mafundi wa kuchomea vyuma. Ikipata unyevu inatoa gesi ya asetilini, inayobadilisha ngozi upesi huku nyama ikibaki nyuma. Kabidi ya viwandani mara nyingi ina mabaki ya arseniki na fosforasi. Ukiona ungaunga wa kijivu kwenye ngozi, usinunue. Kuyaosha hakuyafanyi yawe salama.

*Wazee wanasema maembe yanaleta malaria. (Msomaji wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)*

Hapana. Malaria inaletwa na mbu jike wa anofelesi. Hapa kwetu maembe yanajaa wakati mvua zinapoanza, na mbu nao wanazaliana kwenye madimbwi ya mvua hizohizo. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo, asikatazwe embe. Kuhara ni jambo jingine: embe lililookotwa chini na kuliwa bila kuoshwa linaweza kukuharisha kweli.

*Nina kisukari. Niache kabisa? (Baba wa Ruashi)*

Si lazima, Baba, lakini pima kiasi. Gramu 100 za nyama ya embe, karibu nusu ya embe la wastani, zina sukari kama gramu 14. Kula hizo kwa siku, na siku hiyo punguza bukari (ugali) kidogo. Pima sukari yako saa 2 baada ya kula, uone mwili wako unavyopokea. Juisi iache: glasi moja inameza maembe mawili, na ukiichuja unatupa nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia damuni.

Kwa wengine wa nyumbani, gramu hizo 100 zina vitamini C karibu miligramu 36, inayosaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya sombe (majani ya muhogo) na maharage. Rangi ya njano ni beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe, ndiyo maana embe na kiganja cha karanga vinakwenda pamoja vizuri sana, hasa kwa watoto.

*Midomo ya mtoto inatoka vipele akila embe. (Mama wa Kamalondo)*

Mama, huo ni utomvu wa kwenye kikonyo na ngozi. Embe likichumwa, liinamishe kikonyo kikiwa chini kwa saa 1 au 2 mpaka utomvu ukauke, lioshe kwa sabuni na maji, limenye wewe, kisha mpe nyama tu kwenye sahani. Asiling'ate na ngozi. Uso ukivimba au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali bila kusubiri.