Gari Likigoma Kuwaka Asubuhi ya Baridi, Lisikilize Kabla ya Kununua Betri

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya huwasumbua wenye magari wengi, na asubuhi moja ya Julai hapa Uyole zamu ilikuwa yangu. Nilizungusha ufunguo, nikasikia "ta-ta-ta-ta" ya harakaharaka, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Jirani alisema betri imekufa. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Makambako, nilipanda bodaboda hadi Mwanjelwa, nikanunua betri mpya na kuifunga, na gari likawaka. Siku ya nne liligoma tena kwa mlio uleule.

Fundi niliyemwita hakuigusa betri. Aliufuata kwa mkono waya mweusi unaotoka kwenye nguzo hasi ya betri hadi ulipofungwa kwenye bodi, akafungua bolti na kunionyesha: chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya kahawia, na karibu nusu ya nyuzi zake za shaba zilikuwa zimekatika. Alibadilisha waya, akakwangua bodi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, na stata, yaani mota ndogo inayoizungusha injini ili iwake, ikazunguka kwa jaribio la kwanza tu. Betri mpya iliyojaa ilikuwa imeweza kukishinda kikwazo kile kwa siku chache, na ile ya zamani nilikuwa nimekwisha kuiacha dukani kwa bei ya chakavu. Fedha ile iliniuma, ndiyo maana nakusihi usikilize kwanza.

Mlio wa harakaharaka maana yake umeme unaofika kwenye stata ni mdogo, ama kwa sababu betri imeisha, ama kwa sababu njia ya umeme imezibwa na kutu au terminali (kibanio cha waya kwenye nguzo ya betri) iliyolegea. Ukisikia "ta" moja nzito huku taa za mbele zikibaki na mwanga wake, ishuku stata yenyewe. Kukiwa kimya kabisa katika gari la otomatiki, jaribu kwanza kuweka gia kwenye N, yaani gia huru. Stata ikizunguka vizuri na injini isishike, iache betri. Tega sikio karibu na kiti cha nyuma wakati wa kuwasha swichi, kwa kuwa katika magari mengi ya petroli pampu ya mafuta hunguruma hapo kwa sekunde mbili hivi; ukikosa mngurumo huo, ishuku pampu.

Mita ya kupimia volti humaliza ubishi. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, na baridi huizidishia udhaifu kwa sababu kemikali zake hufanya kazi polepole wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito. Ili kupima waya wa hasi, gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata: ikisoma zaidi ya nusu volti, kasoro iko kwenye waya au maungio yake. Laiti ningelijua hilo asubuhi ile.

Ukiazima umeme wa gari la jirani, waya mweusi wa mwisho ufunge kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwani betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe ipoe. Wenye pikapu za dizeli kule Njombe na Makete wasubiri taa ya koili, ile ya dashibodi inayoonyesha injini inapashwa moto, izime kabla ya kupiga stata, na asubuhi za umande ulioganda wairudie hatua hiyo mara mbili.

Siku hizi, kila mwisho wa Mei, nachukua spana namba 10, nafungua terminali nikianza na ya hasi, naosha ule unga mweupe kwa maji ya moto yenye magadi, nakausha, kisha nafunga nikianza na chanya.